Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington: nenda ukaisome "vizazi vyetu" kwa macho yako

Wageni wanaonijia kutoka nyumbani huomba kwanza wapelekwe Ikulu ya Marekani, wasimame kwenye uzio, wapigwe picha. Sina ubaya na hilo. Ila kama mgeni wako ni mtu wa kusoma, au una mtoto aliyezaliwa huku ambaye ameanza kuuliza maswali, siku hiyo itumie Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, lile jengo la nguzo nene lililoko Constitution Avenue, kati ya Mtaa wa 7 na Mtaa wa 9. Humo ndimo inamokaa Katiba yenyewe ya mwaka 1787, ngozi zile zile zilizotiwa saini Philadelphia tarehe 17 Septemba. Kiingilio ni bure. Kwangu mimi hakuna mahali Washington panapoipita, na nitaeleza kwa nini.

Nilikwenda na baba yangu, mwalimu mstaafu kutoka Muheza aliyefundisha historia na uraia shule ya msingi mpaka anastaafu, pamoja na mwanangu wa darasa la tano, mzaliwa wa hapa Maryland. Asubuhi yake tulikuwa tumelipia ziara ya kutembea kwa miguu. Kampuni siitaji. Kijana aliyetuongoza alikuwa mchangamfu na majengo anayajua. Tulipofika mbele ya Hifadhi akausoma utangulizi wa Katiba kwa kichwa, bila kukosea, na alipofika pale waasisi wanaposema wanataka kuzilinda baraka za uhuru kwa ajili yao "wenyewe na vizazi vyetu", akasimama kutufafanulia. Akasema walikuwa wakiwaongelea watoto na wajukuu wa damu yao, watu wa asili yao, na kwamba waliokuja baadaye wamekaribishwa tu kwenye nyumba ya wenyewe. Kisha akaendelea na habari za nguzo na aina ya mawe.

Baba hakumkatiza. Alisubiri kundi lisogee, akaniuliza, "Mama, huyu kijana amesema mjukuu wangu ni mgeni hapa alipozaliwa?"

Mwanangu Kiswahili anakielewa chote. Alikuwa ananitazama aone nitajibu nini. Nikaona badala ya kubishana na kijana wa watu barabarani, bora tuingie ndani, wote wawili wajibiwe na maandishi yenyewe. Tukaaga, tukaiacha ziara na pesa yetu.

Kabla hujaingia, usiipite sanamu ya mwanamke aliyeketi upande huo wa Constitution Avenue. Ilichongwa na James Earle Fraser miaka ya 1930, na jina lake ni Urithi. Mkono wa kulia amempakata mtoto pamoja na mganda wa ngano, na mkono wa kushoto ameulaza juu ya chombo cha kuhifadhia majivu ya waliokufa. Chini yake wameandika kwamba urithi wa zamani ndio mbegu iletayo mavuno ya siku zijazo. Watu wengi hukaa miguuni pake wakinywa maji na kuangalia simu. Mwambie mtoto wako azunguke aione mikono yote miwili.

Kuingia si kazi. Unaweza kupanga foleni ukaingia bila kuweka nafasi, au ukaweka nafasi mtandaoni kwa dola moja kwa kila mtu ukapewa saa yako. Wakati wa likizo za shule, lipa hiyo dola. Mlangoni kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege. Kuna ngazi na kuna lifti, kwa hiyo mzee mwenye magoti asikuogopeshe.

Ukumbi wa juu ni wa mviringo, dari lake liko mbali sana, na mwanga ni hafifu. Wameupunguza makusudi, maana mwanga ndio unaoua wino, na ushahidi uko pale pale: Tangazo la Uhuru la 1776, ambalo karne ya 19 lilitundikwa miaka mingi ukutani likitazamana na dirisha, limepauka kiasi kwamba saini nyingi huzioni tena. Katiba imesalimika. Haikutolewa-tolewa nje kama mwenzake. Mwezi Agosti 1814, Waingereza walipokaribia kuuchoma mji, karani wa Wizara ya Mambo ya Nje alizitia nyaraka hizi kwenye mifuko ya kitani zikakimbizwa hadi Leesburg, Virginia. Zilifika jengo hili tarehe 13 Desemba 1952. Leo kila ukurasa uko ndani ya kasha lake la kioo lenye fremu ya titani, na badala ya hewa wameweka gesi ya agoni ili ngozi isioze. Kupiga picha hakuruhusiwi humo, na mimi nalishukuru katazo hilo, kwa sababu watu wanalazimika kusoma. Walinzi wanawaambia wageni hakuna haja ya kupanga mstari, nenda kwenye kasha lililo wazi. Tukaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa kwanza.

Maneno matatu ya mwanzo, yale ya "Sisi Wananchi", ni makubwa mno ukilinganisha na mengine. Aliyeyaandika kwa mkono ni Jacob Shallus, karani msaidizi wa baraza la Pennsylvania, na kwa kazi yote ya kurasa nne alilipwa dola 30. Mama mmoja mtu mzima anayejitolea pale alimwonyesha mwanangu kwa kidole, bila kugusa kioo, mahali penyewe: mwanzo kabisa wa mstari wa tatu. "Sisi wenyewe" iko mwisho wa mstari wa pili, na "vizazi vyetu" inaufungua wa tatu. Mwanangu aliyasoma polepole, herufi kwa herufi, kwa sababu mwandiko ule wa kuunganisha herufi hawafundishwi sana shuleni siku hizi.

Sasa habari ya nani aliyapanga maneno hayo, ambayo kijana wa ziara hakuigusa. Rasimu ya mwezi Agosti 1787 ilianza kwa kuyataja majimbo moja moja, kuanzia New Hampshire hadi Georgia, na ilisema kwamba watu wake wanaiweka Katiba kwa ajili ya kujitawala wao na vizazi vyao. Mwezi Septemba kazi ya kunyoosha lugha ikapewa kamati ya watu watano, na kalamu ikawa mikononi mwa Gouverneur Morris, mjumbe wa Pennsylvania, mtu mwenye mguu mmoja wa mti. Morris aliyafuta majina ya majimbo yote akaweka wananchi wa Marekani. Vizazi hakuvifuta, ila alivihamisha. Katika rasimu ya Agosti vizazi vilikuwa vya kutawaliwa. Alipomaliza yeye, vilikuwa vya kupokea baraka za uhuru. Ukisimama mbele ya kioo kile ukijua hivyo, mstari wa tatu unausoma kwa namna nyingine.

Na huyo Morris mwaka ule alikuwa kapera wa miaka 35. Mtoto wake mmoja tu alizaliwa mwaka 1813, yeye akiwa na miaka 61. George Washington, aliyeongoza mkutano wa kutunga Katiba, hakujaliwa mtoto wa kumzaa. James Madison, mjumbe wa kamati ile ile ya watu watano, aliondoka duniani mwaka 1836 bila mtoto wa kumzaa.

Nilimweleza baba haya tukiwa tumesogea pembeni kupisha watu. Baba ni mtu wa mkoa wa Tanga, akalipeleka jambo moja kwa moja kwenye wakfu. Pwani kwetu mtu anaweza kuweka wakfu nyumba au shamba kwa ajili ya dhuria zake, wakae humo na kula humo wao na wajukuu wao. Na mwingine akaweka wakfu kisima au shamba la minazi kwa ajili ya msikiti na yeyote apitaye. "Wakfu wa dhuria unawataja watu wa nyumba," akasema. "Sasa huyu bwana ameandika hana mke wala mtoto, mwenyekiti wake hana mtoto, na mwenzake kwenye kamati hana mtoto. Watu wa nyumba gani?"

Nililipenda swali lile, na bado nalipenda. Lakini haki lazima isemwe yote, na baba mwenyewe ndiye aliyeiona, kwa sababu alivaa miwani akaendelea kusoma kushuka chini. Kwenye ukurasa ule ule, katika ibara ya kwanza, ndipo wanapoeleza jinsi ya kuhesabu watu kwa ajili ya viti vya Bunge: watu huru wote, kisha "tatu ya tano ya watu wengine wote". Hao watu wengine wote ni watumwa, na neno mtumwa halikuandikwa. Ukurasa wa pili una kifungu kinacholizuia Bunge kupiga marufuku uingizaji wa watu hao kabla ya mwaka 1808. Morris alisimama kwenye mkutano ule mwezi Agosti akaushambulia utumwa kwa maneno makali, akashindwa kwa kura, kisha akavinyoosha lugha vifungu vilivyoulinda. Baraka za uhuru kwa vizazi vyetu na tatu ya tano ya watu ziko kwenye ngozi moja, unaziona bila kugeuza shingo. Hakuna kitabu kilichowahi kunieleza hilo kama kusimama pale.

Kwa hiyo kijana wa ziara hakulitunga jambo lake hewani. Liliwahi kusemwa na mtu mkubwa kuliko yeye, Roger Taney, Jaji Mkuu, mtu wa Maryland hii hii ninayoishi. Tarehe 6 Machi 1857, katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake na wa mke wake Harriet na mabinti zao wawili, Taney aliuchukua utangulizi huu huu. Alisema lengo lake kuu ni kulinda baraka za uhuru kwa wale waliounda Katiba na vizazi vyao, na kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hakuwa miongoni mwa waundaji, basi wala watoto wake hawamo. Wakati huo Mahakama ya Juu ilikuwa ikikaa ndani ya jengo la Bunge, mwendo wa miguu kutoka Hifadhi. Majaji saba walikuwa upande mmoja, wawili wakapinga.

Mmoja wa wale wawili ni Benjamin Curtis wa Massachusetts, na yeye ndiye ningependa kila mzazi mwenzangu amfahamu. Curtis hakujibu kwa huruma. Alijibu kwa kumbukumbu. Alionyesha kwamba Katiba ilipopitishwa, watu weusi huru walikuwa raia katika majimbo yasiyopungua matano: New Hampshire, Massachusetts, New York, New Jersey na North Carolina, na wenye sifa walipiga kura sawa na raia wengine. Kama walikuwa sehemu ya wananchi walioiweka Katiba, basi wamo miongoni mwa wale ambao Katiba iliwekwa kwa ajili yao na kwa ajili ya vizazi vyao. Alisema kudai kwamba Katiba iliwekwa kwa ajili ya watu weupe peke yao kunapingwa na sentensi yake yenyewe ya kwanza. Mwaka huo huo Curtis akajiuzulu ujaji.

Majaji wawili, sentensi moja, neno moja. Mmoja anafunga mlango nalo na mwingine anaufungua. Dred Scott aliachwa huru na mwenyewe aliyemmiliki miezi michache baada ya hukumu, akafa mwaka 1858. Vizazi vyake viko hadi leo. Sanamu ya Taney iliyokuwa mbele ya Bunge la Maryland, Annapolis, iliondolewa Agosti 2017.

Ukiniuliza mimi, Curtis alikuwa sahihi siku ile ile aliyoandika, si baadaye. Lakini hoja sahihi haikumtoa mtu utumwani. Ilibidi vita ipiganwe, na ilibidi waliotengwa wenyewe wajitetee. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland hii hii, alisimama Glasgow mwezi Machi 1860 akawaambia watu kwamba Katiba inasema sisi wananchi, haisemi sisi watu weupe. Ndipo yakaja Marekebisho ya 13 ya Katiba mwaka 1865, yaliyofuta utumwa, na tarehe 9 Julai 1868 Marekebisho ya 14, ambayo hayakumwachia tena jaji yeyote nafasi ya kukisia nani ni kizazi cha nani: wote waliozaliwa au kupewa uraia Marekani na walio chini ya mamlaka yake ni raia. Hata hapo wenyeji wa asili wa nchi hii wengi wao waliachwa nje hadi sheria ya mwaka 1924. Na mwaka 1898 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco na wazazi Wachina, ni raia, ingawa sheria za wakati huo ziliwakatalia wazazi wake wasiwe raia kamwe.

Hili kwangu si somo la shule. Mwanangu nilimzaa nikiwa na viza ya masomo. Amri ya rais ya tarehe 20 Januari 2025 ilitaka watoto wa akina mama wa namna yangu, ambao baba zao pia si raia wala wakazi wa kudumu, wasihesabiwe raia. Mahakama za chini ziliizuia na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Ilihusu watakaozaliwa baadaye, kwa hiyo mwanangu haikumgusa, lakini nilikesha nikiisoma. Nawajua akina mama wengine, wa kutoka Kigoma, Bukavu na Mombasa, waliokesha hivyo hivyo wakiwa na mimba. Ndiyo maana maelezo ya mwongozaji kwamba vizazi vyetu maana yake ni damu hayakupita sikioni kwangu kama kosa dogo la historia. Nimewaandikia kampuni nikawanukulia Curtis neno kwa neno. Sikuomba kurudishiwa pesa. Niliomba mwongozaji apewe kurasa zile azisome, kwa sababu kila siku anawasimamisha watoto wa watu mbele ya jengo lile.

Turudi ndani. Kuta za ukumbi zina picha mbili kubwa za Barry Faulkner za mwaka 1936, moja ya Tangazo la Uhuru na nyingine ya Katiba, Madison akimkabidhi Washington maandishi. Zinapendeza, rangi zake zimetulia. Wote waliochorwa ni wanaume weupe, na ndivyo mkutano ulivyokuwa. Baba alizitazama muda mrefu kuliko mimi.

Kwenye ukurasa wa nne mwanangu alipata furaha yake. Saini za wajumbe ziko 39, zimepangwa kwa majimbo, na jina la jimbo la Pennsylvania limeandikwa kwa n moja pale mwanzo. Aliligundua mwenyewe. Alifurahi kwamba watu wakubwa kama wale waliliacha likapita, na ikawa rahisi zaidi kumweleza kwamba Katiba hii ilipelekwa kwa watu wajao ikiwa na makosa ya kurekebishwa, mengine ya herufi na mengine ya kuwahesabu watu kwa vipande. Mpaka sasa marekebisho ni 27. Hilo la mwisho lilipendekezwa mwaka 1789, linahusu mishahara ya wabunge, likalala miaka na miaka bila kufikisha idadi ya majimbo. Mwaka 1982 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, Gregory Watson, aliandika insha kwamba bado linaweza kupitishwa, akapewa alama ya C. Akaanza kuandikia mabunge ya majimbo, na mwaka 1992 likawa sehemu ya Katiba. Chuo kilimbadilishia alama kuwa A mwaka 2017. Madison ndiye aliyelileta Bungeni, kisha likamaliziwa na mtu wa zaidi ya karne moja baada yake, asiye na undugu naye. Mwanangu sasa anaieleza hadithi hiyo kwa kila anayefika nyumbani.

Dukani chini wanauza vijitabu vya Katiba vya kutia mfukoni, kwa bei ndogo. Nunua. Ni kitu bora kuliko vikombe na fulana, na kama una ndugu anayejiandaa kwa mtihani wa uraia, akisoma kijitabu kile badala ya kukariri orodha ya maswali ataelewa anachojibu. Baba alichukua viwili, kimoja cha shule aliyofundisha.

Chakula tulikuwa tumebeba. Tulivuka barabara tukakaa kwenye majani ya National Mall tukala chapati na sambusa, na hapo ndipo mjadala ulipokolea. Baba anaujua utangulizi wa Katiba ya Tanzania ya 1977 kwa moyo, kuanzia "Kwa kuwa sisi, Wananchi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, tumeamua rasmi na kwa dhati kujenga katika nchi yetu jamii inayozingatia misingi ya uhuru, haki, udugu na amani". Aliusoma wote kwa mjukuu wake. Mimi nikamkumbusha kwamba majirani zetu Wakenya, katika Katiba yao ya 2010, wanamalizia utangulizi kwa kujipa Katiba hiyo wao wenyewe na vizazi vyao vijavyo, kwa hiyo swali la nani amo na nani hamo nao wanalo mikononi.

Ila baba alikuwa na swali lingine zito: kwani walio hai wana haki gani ya kuwafunga wasiozaliwa? Thomas Jefferson, aliyeandika Tangazo la Uhuru, aliliuliza hilo hilo. Tarehe 6 Septemba 1789 alimwandikia Madison kutoka Paris kwamba dunia ni ya walio hai, akapiga hesabu kwamba kizazi ni miaka 19, na kwamba hakuna katiba wala sheria inayopaswa kudumu zaidi ya hapo bila kupitishwa upya. Madison alimjibu mwaka uliofuata kwamba yako mambo ambayo wajao wanarithi faida yake, basi na deni lake nao wanaweza kulibeba. Baba yuko na Madison. Kwa mtu aliyejenga madarasa kwa kujitolea miaka ya 1970 ili wasome watoto ambao hawajazaliwa, sikutegemea jibu lingine. Mimi niko katikati. Naogopa hesabu ya Jefferson, kwa sababu ukiipitisha upya Katiba kila miaka 19, kuna siku watakaokuwa na nguvu wataipitisha bila Marekebisho ya 14. Lakini najua pia kwamba bila vizazi kuthubutu kubadilisha walichoachiwa, ile tatu ya tano ingekuwa inafanya kazi hadi leo. Mwanangu alisikiliza kidogo, akaniomba simu atafute kama jina la Pennsylvania liliwahi kusahihishwa kwenye ile ngozi. Halijasahihishwa.

Nyota tano kwa Hifadhi, bila kusita. Ziara ya kulipia naipa mbili, kwa ajili ya majengo.

Kwa anayetaka kwenda: shuka kituo cha Archives, njia ya kijani au ya njano, halafu zunguka jengo hadi upande wa Constitution Avenue, maana mlango wa wageni hauko upande wa kituo. Wanafungua saa nne asubuhi na kufunga saa kumi na moja na nusu jioni, na kuingia kunasitishwa nusu saa kabla. Nenda mapema asubuhi. Anza na ukurasa wa kwanza wa Katiba kabla ya Tangazo la Uhuru, kwa sababu makundi ya shule huanzia kwenye Tangazo, na kwa dakika chache kasha lile linakuwa lenu peke yenu. Wazee wabebe miwani ya kusomea.